Ubeti Ambao Kwaya Haikuuimba

Makoti yaliyoloa yakikaukia juu ya kipasha joto: hiyo ndiyo harufu ya kanisa letu la Riverside, Buffalo, majira yale ya baridi nilipokuwa binti wa miaka kumi na mmoja. Tulikodi chumba cha chini cha kanisa la wenyeji, na theluji ya mwaka ule, nawaapia, iliwafika malaika kiunoni. Humo ndani tulibanana Wakongomani wote tuliojuana, tukinukia sombe, kisamvu chetu, na sufu mbichi, na mchungaji jicho moja kwenye Biblia, jingine kwenye saa, maana wenye jengo walitaka ufunguo wao mapema.

Mama aliongoza kwaya. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Mama Neema, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi, mwanamke ambaye akiimba, balbu zilitetemeka hadi mtaa wa pili. Alikuwa amemwacha mumewe kitongojini Shively, kule Louisville, akapitia Columbus kwa binamu yake, binamu akamchoka, ndipo akaja kulala kwenye kochi letu hadi alipopata chumba mtaa wa Kensington-Bailey. Sababu ya kuondoka aliijua yeye na Mama. Wengine walijua kunong'ona tu, kwamba Mama anafuga wake za watu.

Wakati huo shuleni tulisomeshwa shairi la Kitaliano la zama za kati, ambalo mtunzi wake hajulikani. Mke anatoka kwa mumewe, anaacha taa izimike, anafuata ngoma za mbali. Mwalimu akaeleza kwamba mume ni Mungu, mke ni roho ya binadamu. Katika ubeti wa mwisho mume anatoka peku gizani kumtafuta, na mlango anauacha wazi. Nililipenda hadi nikakosa usingizi. Nikamtafsiria Mama jikoni, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa mikono, naye akalitia sauti kabla maharage hayajaiva. Mama Neema alikuwa na zamu ghalani, hakufika mazoezini. Jumapili akaketi na waumini.

Siku hiyo mahubiri yalirefuka kama kikao cha mahari. Kwaya ikiwa katikati ya wimbo, mchungaji akagusa saa yake. Mama akafunga ngumi hewani kuikatisha kwaya, na wimbo ukafia pale kwenye taa iliyozimika.

Sasa, kwetu wimbo hausikilizwi tu, unapimwa: nani katunga, na kamlenga nani? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua, na kanisani kwetu mjinga hakuwepo hata mmoja. Mama alikuwa ametangaza kwamba ni wimbo wa Mwitaliano wa kale, watu wakacheka. Kisha shingo zikageuka, taratibu, hadi kwenye benchi la Mama Neema.

Alitungoja nje, kwenye theluji.

"Umeniimba, dada."

"Hapana! Ule mke ni roho ya mutu!" Mama akamjibu.

"Roho gani iko na bwana kule Shively? Bon, uyo Mutaliano alikufa zamani. Ya nyumba yangu alijulia wapi?"

"Kuna ubeti ulibakia…"

"Ubakie."

Nikaingilia kwamba ni kweli, tumelisoma shuleni. Akanishika shavu kwa glavu yake. "Weye nyamaza, mutoto. Hauna kosa."

Hakurudi kanisani. Kabla ya Pasaka tukasikia amerudi Shively, kwenye nyumba ileile aliyoikimbia. Mama alipiga simu hadi kidole kikaota sugu. Jioni alisimama mbele ya sufuria akiiuliza: "Ni saa ilinikatisha ule wimbo, ao ni midomo ya watu?" Mimi nilijifanya nasoma.

Mwaka jana tulikutana naye Columbus, harusini. Amekonda, na sauti imekauka. Walipomwomba aimbe alitikisa kichwa. Mama alisimama na sahani yake kama mtoto aliyekosa kiti, mpaka Mama Neema akasukuma kiti kwa mguu: "Kaa, chakula inapoa." Wakala. Mimi niliyezoea kuchekesha meza nzima nikawa nawamiminia maji.

Shule ya usiku imenifundisha kwamba tungo isiyo na jina haina wa kulaumiwa. Niliandika hivyo kwenye mtihani, nikafaulu kwa kishindo. Zamani nililia kwa sababu hakuna aliyeniamini kwamba wimbo ule ni wa Mwitaliano. Leo nina cheti, na kila nikisema wananiamini. Mimi ndiye nisiyeamini tena.