Sungura wa Clarrie na Spinachi za Majirani

Clarrie Rattray aliua sungura maisha yake yote ya kazi, na alilipwa kwa kuwaua. Huku kwetu Otago, kisiwani jirani na Australia, sungura ni kama nzige. Anamaliza majani ya kondoo, anachimba mlima mpaka unaporomoka, na mtu anayemwonea huruma huhesabiwa kuwa na kasoro kichwani. Clarrie aliwapiga risasi, akawatega, akawafukiza mashimoni, na zaidi ya yote akawawekea karoti zenye sumu, magunia kwa magunia. Hata leo ukimwekea karoti sahanini anaisukuma pembeni kwa uma, polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Mtu huyo ndiye aliyeachiwa Mavis.

Mavis alikuwa sungura wa mjukuu wake, Isla. Mama yake Isla alipata kazi Queensland, ng'ambo kule Australia, na sheria ya kule hairuhusu kufuga sungura nyumbani. Isla alimkabidhi babu yake kikapu palepale uwanja wa ndege, machozi yakimtoka.

"Babu, Pasaka nakuja. Niahidi nitamkuta mzima."

Clarrie akaahidi. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtakia sungura maisha marefu.

Kumbe Mavis alikuja na magonjwa yake kama bibi harusi na masanduku. Meno ya nyuma yaliota yakipinda, yakamchoma ulimi. Kibofu kilijaa chokaa, mkojo ukatoka mzito kama rangi ya ukutani. Tumbo lilikuwa na tabia ya kusimama bila taarifa. Na juu ya yote alikuwa mnene, ana kidevu kikubwa alichokilalia kama mto.

Daktari wa mifugo wetu ni Fenella Kitto, binti mrefu asiyecheka ovyo. Alimweka Mavis mezani, akamfungua kinywa, akambonyeza tumbo, kisha akamgeukia Clarrie.

"Meno yanataka atafune nyasi ndefu kutwa nzima. Tumbo nalo linataka hizo hizo. Kibofu hakitaki lusini, yale majani ya kunenepesha mifugo, wala spinachi, kinataka maji. Na unene hautaki tunda, mkate, wala karoti."

"Karoti usiwe na wasiwasi, daktari. Kwangu haingii."

"Punje za dukani, kijiko kimoja tu."

"Sasa kimebaki nini?"

"Nyasi, mzee. Nyasi kavu mbele yake saa zote, na mbichi kidogo, na mchunga, yale magugu machungu. Basi. Tumbo likisimama tena, sikuahidi kitu. Anaweza asiamke."

Mimi ndiye ninayempelekea nyasi kavu, maana nina kipande cha ardhi kando ya mto. Kwa wateja wengine nashusha robota na kuondoka. Kwa Clarrie haiwezekani. Anafungua robota mbele yangu, ananusa, anachomoa unyasi mmoja anautafuna.

"Ngumu hizi kwa meno yake."

"Ni shamba lile lile, Clarrie."

"Ni za upande wa jua. Niletee za kivulini."

Nikarudi nikaleta za kivulini. Ubishi siuwezi.

Yeye mwenyewe ana ugonjwa wa sukari, na daktari wake alishampiga marufuku pai. Lakini kila asubuhi, akishamaliza kumkatia Mavis mchunga na kuuosha jani moja moja, alivuka barabara mpaka duka la Noeline Pringle, akala pai mbili za nyama, mchuzi ukimtiririka kidevuni.

"Sungura wako anajilinda kuliko wewe," Noeline alimwambia.

"Sungura wangu ana mtoto anamngojea."

"Na huyo mtoto si mjukuu wako wewe?"

Clarrie akaomba sosi ya nyanya.

Kijiji kizima kilimcheka. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni Gordie McSkimming, mwenye kondoo wengi na mlima uliotobolewa na sungura kama chekecheke.

"Clarrie! Mke wako wa masikio hajambo? Mlete shambani, shemeji zako wanamuulizia. Nitawapokea kwa bunduki."

"Hajambo. Tena anakula kwa adabu, si kama wewe."

Lakini Pasaka ilipokaribia, Mavis alizidi kunenepa, na mkojo ukarudi kuwa chokaa. Clarrie akaondoa kile kijiko cha punje. Mavis akanenepa. Akampeleka kwa Fenella.

"Mzee, unampa nini?"

"Nyasi."

"Mzee."

"Nyasi, nakuapia!"

"Mkojo hauapi, mzee, na hausemi uongo."

Clarrie alitoka pale masikio yamemwiva. Siku ya pili akafanya alichokuwa akikifanya mlimani alipotaka kujua nani anapita wapi. Alichekecha majivu ya jiko, akayatandaza mbele ya banda la Mavis nyuma ya nyumba, akaondoka mpaka jioni. Niliporudi na nyasi nilimkuta amechuchumaa, pua karibu iguse ardhi.

"Njoo uone," akaniambia kwa sauti ya chini. "Barabara kuu hii."

Nilichoona mimi ni majivu yaliyokanyagwa. Yeye aliona watu. Kiatu cha Noeline, kisigino kimelika upande mmoja. Malapa ya bibi wa jirani. Buti za mama mpeleka barua. Ndani ya banda, chini ya nyasi, akakuta mabua ya spinachi, ganda la tofaa, kipande cha pai, na majani ya lusini.

Ili uelewe, huku kwetu hakuna mtu anayemtembelea mwenzake mikono mitupu, na mboga zikizidi bustanini huachwa mlangoni kwa jirani bila hata kubisha hodi. Spinachi hasa. Kila nyumba inazipanda na hakuna nyumba inayozimaliza. Sasa palipatikana tumbo lisilokataa. Ila katika nchi ya kuua sungura, nani akubali kuonekana amemchumia sungura mboga? Kila mtu alikwenda kimya kimya kwa mlango wa nyuma, na kila mtu alidhani yuko peke yake.

Kabla Clarrie hajamuuliza mtu yeyote, Alhamisi ya kabla ya Ijumaa Kuu, tumbo la Mavis likasimama. Hakula, hakunya, alijikunja pembeni akisaga meno kwa maumivu. Fenella alimchoma sindano, akampa Clarrie uji wa majani na bomba la kumlishia.

"Tunangoja kinyesi," akasema. "Kikitoka, amepona. Kisipotoka, mwambie mjukuu wako mapema."

Isla alikuwa anatua Dunedin Jumamosi.

Ijumaa asubuhi wawindaji walikusanyika ukumbini kula mayai na nyama kabla ya kupanda mlimani, maana Pasaka kwetu ndiyo msako mkubwa wa sungura. Clarrie akaingia, koti limefura kifuani, masikio mawili yamechomoza kolani. Kicheko kikaanza. Akamwaga ndoo aliyokuja nayo mezani, katikati ya sahani: mabua, ganda la tofaa, pai, lusini.

"Hajala tangu jana," akasema. "Hajanya. Na mtoto anakuja kesho."

Kicheko kikakatika.

"Spinachi za nani?"

Watu wakatazama mayai yao. Noeline, aliyekuwa akimimina chai, akaweka birika chini.

"Mimi nilimpa pai tu, Clarrie. Ile ya pembeni, iliyokauka."

"Spinachi ni zangu," akasema mama mpeleka barua. "Chache."

"Na zangu," akasema mwingine.

"Hata mimi," sauti ikatoka jikoni.

"Na lusini?"

Kila mtu akamtazama mwenzake.

"Mwenye lusini ana buti la kushoto lenye kiraka cha mpira wa baiskeli."

Ukumbi mzima uliinama kuchungulia chini ya meza. Gordie McSkimming alijaribu kuuficha mguu nyuma ya kiti, akaangusha bunduki yake.

"Ni lusini safi!" akafoka, uso mwekundu. "Ya kondoo wangu wenye mimba! Sikumpa takataka!"

"Gordie, wewe? Mwenye bunduki?"

"Hiyo ni kazi. Wale wa mlimani hawana majina. Huyu ana jina, bwana, anaitwa Mavis!"

Clarrie hakucheka. Alimpapasa Mavis kichwani.

"Nimeua sungura kwa kila njia inayojulikana," akasema. "Hii ya kumuua kwa wema sikuijua. Anayempenda amletee mchunga. Usiwe wa kando ya barabara, huko wanapulizia dawa ya kuua magugu."

Wawindaji wakaondoka wanyonge kuliko nilivyowahi kuwaona.

Jumamosi Clarrie alikwenda kumpokea Isla, akaniachia Mavis na lile bomba. Nilimlisha uji, nusu ukamwingia, nusu ukaniingia mimi mkononi. Nilimsugua tumbo. Hakuna kitu. Mchana nikasikia pikapu ya Gordie, imejaa sungura waliokufa. Aliiegesha mbali, nyuma ya ukumbi, akaja kwa miguu, mikono ya shati ina damu, kofia yake imejaa mchunga.

"Vipi?"

"Bado."

Akapiga magoti na ule mwili wake wote. "Kula, mama. Huu nimeuchuma juu kabisa, dawa haifiki. Kula basi, usituaibishe mbele ya mtoto."

Mavis alinusa. Akatulia. Kisha akalivuta jani moja, likawa linaingia kinywani polepole kama uzi unaoingia cherehani. Gordie hakuthubutu kupumua.

Gari likasimama. Isla akaja mbio, na neno lake la kwanza halikuwa salamu.

"Amekunya?"

Clarrie akainama, akachakura nyasi kwa vidole, akatoa kidonge kimoja. Akakiweka kiganjani, akakibonyeza, akakinusa.

"Kidogo," akasema. "Lakini cha leo. Kibichi."

Isla akamrukia babu yake shingoni. Gordie alificha mikono yake ya damu nyuma ya mgongo, akavuta kamasi, akasema ni mafua.

Jumapili ya Pasaka, mlango wa nyuma wa Clarrie ulikuwa na ndoo tatu za mchunga. Mlango wa mbele ulikuwa na spinachi kama kawaida, maana spinachi hazijui kuacha kuota. Isla aliziangalia, akamwangalia babu yake, akavuka barabara mpaka kwa Noeline, wakanong'ona. Tangu siku hiyo duka lile halina pai ya kumuuzia Clarrie.

Nilipopeleka nyasi nilimkuta mezani na sahani ya spinachi za kuchemsha, Isla amemsimamia, amefunga mikono kifuani.

"Maliza, babu. Kibofu chako hakina shida."

Clarrie akatia uma, akaguguna jani. Kwenye kikapu chake karibu na jiko, Mavis alikuwa anatafuna nyasi za kivulini, macho yote mawili kwenye ile sahani.