Ufa wa Nyumba ya Mawe

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Mvua zilipofungua ufa kwenye nyumba ya mawe ya mama yangu kule Matiliku, kutoka kwa mabati mpaka chini, nilimpigia ndugu yangu simu nikamwambia ibomolewe kabla haijaua mtu. Akakubali upesi. Fundi tuliyemleta kutoka mji wa Wote alitia vidole vitatu ndani ya ufa, akatikisa kichwa. "Msingi umeenda," akasema.

Aki niliumia. Nyumba hiyo aliijenga babu, baba ya baba yangu, aliyejifunza kuchonga mawe akiwa kibarua kwenye barabara ya Mombasa. Siku hizo kila boma lilikuwa la udongo na nyasi. Mawe yaliletwa kutoka mlimani na wanawake wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, leo shamba lako, kesho langu. Waliyabeba mgongoni, ukanda kwenye paji la uso, wakiimba. Mama alikuwa ameolewa juzi tu, naye akabeba. Sisi sote sita tulizaliwa humo.

Siku ya kubomoa tulimkuta mama ameshatoa vyombo, amekaa kwenye kiti kando ya jiko. Alikuwa hajasema lolote tangu Jumapili, tulipomuuliza atalala wapi nyumba ikibomolewa. Nikadhani amenuna, na mimi nikanuna kwa sababu yeye amenuna. Fundi akainua mtaimbo.

"Kijana, toa plasta kwanza," mama akasema. "Hapo ndipo mawe yalipoisha."

Tukamgeukia. Akaeleza kama mtu anayeeleza bei ya nyanya. Njaa iliingia ujenzi ukiwa nusu. Wanawake wakaacha kubeba, kwani nani atabeba jiwe na tumbo tupu? Babu akafunga ukuta pale pale, wakahamia chumba kimoja. Mvua iliporudi, mwethya ukarudi, naye akajenga upande wa pili ukiwa umeegemea ule wa kwanza bila kushikana nao. Kumbe tulikuwa na nyumba mbili zilizosimama bega kwa bega, zimefunikwa plasta moja.

Fundi akabandua plasta. Wacha! Kona mbili zimenyooka, hakuna jiwe hata moja lililopasuka, ni plasta tu. Akapima kwa timazi huku na huku, kisha akamgeukia mama, akacheka kwa aibu. "Shosho, hii itatuzika sisi sote, yenyewe bado imesimama."

Nilikaa chini mchangani nikalia, watu wakiniangalia, na sikujali. Nilikuwa nimebakisha dakika chache tu niangushe jasho la wale wanawake wote, na sikuangusha. Moyo ulikuwa mwepesi mpaka nikapata nguvu ya kugomba.

"Sasa Mama, mbona ulinyamaza wiki nzima, sisi tunatafuta watu wa kubomoa?"

Alikuwa ameshaanza kukokota godoro kulirudisha ndani. Hata hakusimama.

"Mliniuliza nitalala wapi," akasema. "Habari ya nyumba hamkuniuliza."