Bei ya Haraka

Jamani, mimi ni mkosaji. Nasema mapema, msije mkanihurumia katikati ya habari.

Nilikuwa karani wa kutafsiri pale Arusha, kibanda changu kikitazamana na boma la Wajerumani. Lugha yao nilisomea Tanga. Ukurasa mmoja, rupia moja. Mpaka hapo sina dhambi, kazi ni kazi.

Dhambi ilikuwa bei ya haraka. Mtu akitaka karatasi yake siku ileile, rupia tatu. Nikazoea kuwatazama watu usoni kabla ya kutaja bei. Aliyetulia nilimtoza moja. Mwenye hofu, tatu! Tamaa ilinikaba, wallahi.

Siku moja akaja mama mmoja Mwarusha, Mama Naserian. Mumewe alikuwa kafungwa bomani, ameshtakiwa kukimbia kazi ya barabara. Kumbe mtu alikuwa hoi kwa homa na kikohozi, na mwalimu wa misheni alimwandikia ushahidi kwa Kiswahili. Bwana mkubwa mpya wa boma, Mjerumani, hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Shauri lilikuwa Alhamisi. Wakishindwa, mume anapelekwa pwani na mnyororo shingoni.

Alikuwa na rupia moja tu, akanipa.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi, niliimaliza kabla chai yangu haijapoa! Lakini aliporudi jioni kuulizia, nikamjibu bila haya, "Bado, mama. Wengine wametangulia. Ukitaka upesi, ongeza mbili."

"Mbili sina, karani. Mbuzi iko, nyumbani."

"Basi kauze."

Akashika njia. Karatasi yake ilikuwa ndani ya kasha, chini ya kiwiko changu.

Jumatano asubuhi baragumu likalia. Bwana mkubwa amepata safari ya ghafla kwenda Moshi, mashauri yote yasikilizwe leo! Ningeweza kuvuka uwanja na karatasi ile mkononi. Nilisimama, nikakaa. Nikasimama tena. Je, wakigundua naficha kazi za watu? Niliogopea kibanda changu, jamani, kibanda! Nikabaki hapo mpaka nikasikia minyororo ikipita nje. Mumewe alikuwa katikati ya wenzake, bado anakohoa.

Mama Naserian akafika mchana, vumbi mpaka magotini. Akaweka rupia mbili mezani.

"Haya karani, nipe."

Nikampa. Na zile rupia nikazichukua! Akakimbia bomani, nami sikuthubutu kumwita.

Alirudi taratibu, karatasi bado mkononi. Hakulia. Akaniuliza, "Karani, hii uliimaliza lini?"

"Sasa hivi, mama," nikasema.

Mumewe hakurudi kutoka pwani. Na mimi? Nilifunga kibanda mwenyewe. Kila nikishika kalamu nasikia kile kikohozi. Siku hizi napalilia migomba ya watu huku Maji ya Chai, na mke wangu, tangu nimweleze, hanisemeshi ila kwa lazima.

Ninyi mnaotafsiri, nawasihi! Hesabuni kurasa, msihesabu hofu ya mtu. Na kazi ikiisha, mpeni mwenyewe hapohapo, hata kama hamjalipwa vya kutosha.

Nawe Mama Naserian, kama kuna atakayekusomea haya: ilikuwa tayari siku ileile uliyoileta.