Mpangaji Aliondoka, Mkate Ukabaki

Saa kumi na moja alfajiri, Kashaulili, mjini Mpanda. Skolastika anakunja mkono wa blauzi hadi begani, anauingiza mkono mtupu ndani ya tanuri na kuanza kusali.

"Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako ufike..." Anasali mbio, kama mtu anayewahi treni. Anapofika kwenye "mkate wetu wa kila siku" joto linamshinda, anauchomoa mkono na kucheka.

"Tayari," anasema. "Baba Odeta, lete."

Baba Odeta ni mume wake, Fabiani. Anakuja na ubao uliopangwa makopo ya bati, kila moja limejaa unga ulioumuka hadi ukingoni. Anayasukuma moja moja ndani kwa uangalifu mkubwa. Huyu ndiye bwana aliyewahi kutaka tanuri hili livunjwe, matofali yake yakajenge banda la kuku. Ukimkumbusha habari hiyo anakwenda kuangalia kuni.

Kwa wakazi wengi wa Mpanda, mkate ulikuwa kitu kinachoshuka kwenye treni kutoka Tabora, pamoja na magazeti na wageni. Mvua zikikolea treni huchelewa, na mkate huzeeka njiani. Watu waliuchovya kwenye chai si kwa kupenda, bali ili uweze kutafunika.

Leo wenye migahawa wa Kashaulili wanapanga foleni mlangoni kwa Skolastika kabla jua halijachomoza. Mwenyewe anasema yote hayo ameyapata kwa sababu mpangaji wake alivunja mkataba.

Skolastika, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, alizaliwa Magamba, kwa wazazi waliohamia huko kutoka Ufipa. Yeye na Fabiani walifyatua na kuchoma matofali kwa miaka kumi na moja. Alikanda udongo, akabeba maji, akabeba matofali mabichi na yaliyoiva, mpaka mwaka 1995 mgongo ulipogoma.

"Daktari aliniambia, mama, ukiendelea kubeba matofali, utakuja kubebwa wewe," anakumbuka.

Matofali ya tanuri lao la mwisho hawakuyauza. Walijenga nayo chumba kimoja cha kupangisha, ubavuni mwa nyumba yao. Kodi ya chumba hicho ndiyo ingekuwa mgongo mpya wa Skolastika.

Mwaka uliofuata akatokea Yotham, kijana wa upande wa Kaliua aliyejifunza kuoka mikate Tabora. Alikipenda chumba, ila alikuwa na sharti moja: ndani yake lijengwe tanuri la kuokea.

Fabiani alikataa katakata. "Nilimwambia mke wangu, siku huyu akiondoka, nani atapanga chumba chenye tanuri? Atalala wapi, juu ya makaa?"

Lakini Skolastika alikwisha kumkubali kijana yule. Alilijenga tanuri kwa mikono yake, kidogo kidogo, bila kuinua kizito. Mtu aliyechoma matofali miaka kumi na moja hafundishwi njia ya moto. Lilipokamilika lilikuwa limekula nusu ya chumba.

Walisaini mkataba mbele ya balozi wa nyumba kumi. Muda ulikuwa mwaka mmoja, kwa kodi ya shilingi elfu sita kwa mwezi, na atakayetaka kuuvunja atoe taarifa ya miezi mitatu au alipe kodi ya miezi hiyo.

Mwezi wa pili haujaisha, Yotham alikuja mlangoni ameshika kofia mkononi. Kaka yake alikuwa amefariki huko kwao, akaacha watoto watano ambao mama yao alikwisha kutangulia. Ukoo ulikuwa umekaa, na Yotham ndiye aliyechaguliwa kuwalea na kushika shamba la tumbaku.

"Akaniambia, Mama Odeta, nimekuja kuaga," anasimulia Skolastika. "Nilimpa pole kwa moyo wote. Halafu nikamuuliza, na kodi yangu je? Usinicheke, mwandishi. Mgongo ulianza kuniuma pale pale."

Kweli hakukuwa na la kucheka. Bila kodi, Skolastika alikuwa anarudi kwenye matofali ambayo daktari alimkataza, na chumba chake cha pekee kilikuwa na tanuri ambalo hakuna mpangaji angelitaka.

Suala likafika baraza la kata. Mwenyekiti, Mzee Ezekia, aliusoma mkataba mara mbili, akavua miwani.

"Mama, mkataba uko upande wako," alisema. "Msiba ni msiba, tunampa pole kijana wetu. Lakini saini ni saini. Una haki ya kodi ya miezi mitatu."

"Mzee, sina," alijibu Yotham. "Nilichonacho ni makopo ya kuokea na gunia la unga."

Fabiani aliruka. "Basi tuchukue makopo!"

"Hapana," alisema Mzee Ezekia. "Vyombo vya mtu havikamatwi kwa mdomo wa mwenye nyumba. Nyie mkivitaka, nendeni mahakamani mpewe amri. Na jambo lingine. Akipatikana mpangaji mpya kesho, deni la huyu linakoma kesho hiyo hiyo. Mwenye nyumba hali kodi mbili kwa chumba kimoja."

"Mpangaji gani, mzee?" Fabiani alilia. "Mle ndani kuna tanuri!"

Baraza zima lilicheka, hata Yotham na msiba wake. Skolastika hakucheka.

"Nilikuwa nawaza," anasema. "Kila mtu anasema tanuri ndiyo hasara yangu. Mbona Yotham alipokuwa anaoka, watu walikuwa wanalifuata asubuhi na fedha mkononi? Moto naujua. Nisichokijua ni unga tu."

Akanyanyua mkono. "Mzee, umesema haki yangu ni miezi mitatu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi sitaki fedha ambazo hana. Nataka miezi yenyewe. Anipe mmoja tu, akae hapa anifundishe mkate. Miwili namsamehe, kwa ajili ya wale watoto."

Yotham aliinama akajifuta uso kwa kofia. Watoto walikuwa kwa shangazi yao na wangeweza kuvumilia mwezi mmoja. Mzee Ezekia aliandika makubaliano mapya chini ya yale ya zamani, wote wawili wakasaini. Anasema hajawahi kuona mwenye nyumba akidai haki yake namna ile.

Mafunzo hayakuwa mteremko. Kukanda alikuweza haraka, kwani mikono ya udongo ni mikono ya unga vile vile. Hamira nayo alielewana nayo. Kilichomsumbua ni joto. Yotham, Mmoraviani wa kuzaliwa, alipima tanuri kama alivyofundishwa: unaingiza mkono, unasali Baba Yetu, na joto likikutoa unapoomba riziki ya leo, hapo ndipo pa kuokea. Ukitolewa mapema, tanuri ni kali mno. Ukiweza kufika "amina", limekwisha kupoa.

Siku ya kwanza alipoachiwa tanuri peke yake, mikate ilitoka imelala, nyeupe kama chokaa. Siku ya pili hivyo hivyo. Fabiani akaanza tena kulitazama tanuri kwa jicho la banda la kuku.

"Yotham akaniambia, Mama Odeta, hebu sali nikusikie," anasimulia Skolastika, machozi ya kicheko yakimtoka. "Nikasali kama masista walivyotufundisha, pole pole, kila neno na heshima yake. Akacheka mpaka akakaa kwenye gunia la unga. Akasema, kwa sala hiyo tanuri linapoa kabla hujafika kwenye mkate!"

Tangu siku hiyo anasali mbio mbele ya tanuri na taratibu kanisani. Alikwenda hata kumuuliza padre kama ni dhambi. "Padre akaniuliza mkate utakuwa tayari saa ngapi," anasema.

Mwezi ulipokwisha, Yotham alipanda treni na begi lake tu. Makopo aliyaacha. Skolastika alimfuata nayo hadi stesheni, kijana akakataa kuyapokea. "Aliniambia, wewe umenipa miezi miwili, mimi nikunyime bati?"

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Leo Skolastika anaoka mikate mia moja na ishirini kwa siku, na Fabiani anaizungusha kwa baiskeli hadi Magamba. Ukiondoa unga na kuni, kodi ya mwezi ya Yotham inapatikana kwa siku tatu. Matofali hajayabeba tena. Anajisikia vizuri, na anaposhukuru anataja kwa zamu: Mungu kwanza, kisha Yotham, kisha Mzee Ezekia, na mwisho mgongo wake.

"Usingegoma huo, ningekuwa bado kwenye udongo," anasema akiupigapiga.

Sasa wanachimba msingi wa chumba cha pili, na hiki ni cha kupangisha kweli kweli. Mwandishi wa makala haya alimuuliza kama safari hii atalegeza masharti ya mkataba.

"Thubutu!" alijibu. "Miezi mitatu itaandikwa vile vile, haki ni haki. Ila kabla ya kusaini nitamuuliza mtu anajua kazi gani."

Iko ndoto nyingine, na hiyo anaifuatilia kila wiki. Treni inaporudi Tabora, humkabidhi gadi mmoja, Nkwabi, mkate mmoja ampelekee Yotham, anayeufuata stesheni ya Kaliua. Safari inayofuata Nkwabi huleta hukumu. Mwalimu hana huruma. Chumvi imezidi. Ganda gumu. Umeharakisha kuumua. Kwa miaka miwili Skolastika anangoja mkate ambao Yotham atakosa la kuusema.

Asubuhi hii amejifunga kitenge kipya kwenda stesheni. Mkate wa wiki iliyopita, anasema, haujapata kutokea. Treni inaingia, abiria wanashuka na mizigo yao, na Nkwabi anamwona kwa mbali.

"Mama Mkate!"

"Amesemaje?"

"Hajasema kitu."

Skolastika anashika kifua. "Kabisa? Hata chumvi?"

"Hakuuonja, mama. Safari hii alikuja na watoto wote watano. Wameumaliza pale pale stesheni, yeye bado ananisalimia."

Skolastika anajifuta macho kwa ncha ya kitenge kipya, anafungua kikapu na kumpa Nkwabi mkate wa wiki hii, ungali wa moto.

"Huu ni wa kwake," anasema. "Ngoja hapo hapo, narudi kuchukua wa watoto."