Mikono ya Wagema

Redioni husemwa kwamba sisi wanafunzi wa udaktari tunatamani ng'ambo kwa sababu ya maisha mazuri. Sikatai. Nani asiyeyataka? Lakini siku niliyoamua kuondoka, maisha mazuri hayakuwa akilini mwangu hata kidogo. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mgema, katika hospitali moja ya pwani ya kusini nilikokuwa nikimalizia mafunzo.

Aliletwa asubuhi na ndugu zake wawili, kaka yake mkubwa na mdogo wake, wagema vilevile, kutoka upande wa Kinondo. Alikuwa juu ya mnazi akigema tembo, nyoka wa kijani akamuuma mkono. Alifika kope zimelegea, mate yanamtoka, kifua kinapanda kwa shida. Dawa ya sumu ile haikuwapo stoo. Daktari pekee wa zamu alimpitisha mpira kooni, akaunganisha mfuko wa kumpumulisha kwa mkono, kisha akaitwa upasuaji kwa mama aliyeshindwa kujifungua.

"Usiache kubonyeza," aliniambia akiondoka.

Mashine ya kazi hiyo hatukuwa nayo. Mombasa walikuwa nayo, ila walisema kitanda hakuna, tungoje. Nikabonyeza mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikawafundisha ndugu zake. Ndiyo desturi ya wodi ile: mgonjwa huja na jamaa zake, na jamaa hugeuzwa mashine. Wakapokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mikono yao ilikuwa na sugu za kukwea minazi, haikuchoka upesi.

Nikawaambia wazungumze naye, kwa kuwa sumu ile hulegeza mwili lakini masikio huyaacha. Mdogo wake akamwinamia. "Kaka, tupo. Wewe pumzika tu, sisi tutakupumulia."

Nikaanza kuwa na tumaini. Mtu wa namna hiyo akipumulishwa vya kutosha, sumu humwisha mwilini akaamka. Nililijua hilo. Nilijua la kufanya toka mwanzo hadi mwisho, na ndilo linaloniuma hadi leo.

Baada ya adhuhuri makohozi yakauziba mpira, mfuko ukawa mgumu. Mashine ya kuyafyonza ilikuwa mbovu tangu nilipofika pale. Tulikuwa tumeizoea kama pambo la ukutani. Nikajaribu kuyavuta kwa bomba la sindano, hayakuvutika. Muuguzi akamkimbilia daktari, naye akaja na damu ya yule mama kwenye aproni, akauchomoa mpira, akapitisha mwingine, lakini moyo ulikuwa umeshasimama. Kaka mkubwa akarudi kubonyeza, mimi nikasukuma kifua. Tukaendelea hivyo mpaka daktari alipotushika mabega.

Kaka mkubwa hakuuachia mfuko. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Daktari, nimekosea wapi?"

"Hukukosea popote."

Hakuniamini, niliona machoni. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, nikiwalaani watu nisiowajua hata kwa sura.

Juma lile lile nikaanza kuulizia mitihani ya kwenda kufanya kazi nje. Kisha nikapanda kijijini kwetu Mkongani kumwambia mama, ambaye kijiji kizima kilikwisha kusikia kutoka kwake kwamba mwanawe anarudi kuwatibu. Nilimkuta barazani akipukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamsimulia habari ya mgema yote, bila kumficha kitu.

"Huko mashine zipo, mama," nikasema. "Huko ninachokijua kitamfaa mtu. Hapa nitakuwa daktari wa kutazama watu wakifa."

Aliendelea kupukuchua, mahindi yakidondoka kwenye ungo. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa nimeyaandaa majibu yangu.

"Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie."

Halafu akautua ungo chini, akaitazama mikono yangu.

"Ila kabla hujaondoka, uwafundishe ndugu zako kuubonyeza huo mfuko. Mimi nami sina siku nyingi."