Ada ya Mdogo Wangu

Mama alinifundisha kuhesabu fedha kabla sijajua kusoma. Akirudi mnadani kuuza vitunguu swaumu vya shamba letu la kijijini Daudi, alitandika kanga mezani na kuzipanga noti kwa aina: elfu kumi peke yake, elfu tano peke yake, hadi mia tano za karatasi. Tembo wa noti za elfu kumi wote watazame upande mmoja, simba wa elfu mbili vilevile. Kila fungu alilihesabu mara mbili, mara ya pili akianzia chini. Ukimsemesha katikati anaanza upya, na wewe utakiona cha mtema kuni.

Sasa kumbukumbu imemtoka. Jina langu linampotea, ila noti hazimpotei. Kila mchana anafungua kitambaa chake, anahesabu, kisha ananikabidhi: "Ada ya mdogo wako hiyo. Mpelekee, wasije wakamrudisha."

Mdogo wangu alifariki akiwa shule ya bweni, kidato cha pili. Tuliletewa mwili. Niliwahi kumkumbusha Mama, mara moja tu, akalia kama ndiyo kwanza anasikia, hata majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya. Tangu hapo napokea fedha, nasema nitampelekea, halafu nazirudisha zilipokuwa.

Baadaye tukasikia kwamba zile mia tano za karatasi hazitapokelewa tena. Mimi na ujuaji wangu nikazipeleka benki, nikamwekea sarafu za thamani ileile. Nilijiona mtoto mwema kweli.

Mchana ule alipanga mafungu yake, akafika mwisho, akazikuta sarafu. Akazisogeza pembeni kwa kiganja.

"Hizi za kununulia chumvi."

"Mama, ni mia tano zilezile. Hesabu imetimia."

Akahesabu tena, kuanzia chini. Nilimwona akilitafuta fungu lililokosekana chini ya kanga, mapajani, sakafuni. Hatimaye akafunga kitambaa, akaniangalia kwa upole ambao sikuwa nimeuona miaka mingi.

"Haitoshi, mwanangu. Nimeshindwa. Mwambie tu arudi nyumbani."

Nikamjibu kwamba nitamwambia. Akavuta kigoda mlangoni, akaketi kuitazama barabara, na hadi giza linaingia sikuweza kumwambia aingie ndani.