Jumamosi Mama Alipotaka Kuiona Filamu

Harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa theluji na kuanza kukauka, ikichanganyika na siagi ya bisi na vumbi la mazulia makuukuu: hiyo ndiyo harufu ya majira yale ya baridi. Ilikuwa harufu ya jumba dogo la sinema mjini Minneapolis, lenye viti vya mahameli vilivyopauka na hita iliyogongagonga kama mtu anayeomba kufunguliwa mlango. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kaka yangu Danieli kumi na saba. Tulikuwa tumehama kutoka Bukoba miaka michache nyuma, tukapanga ghorofani katika kitongoji cha Richfield, karibu na uwanja wa ndege, ambapo ndege zilipita chini hata vikombe vikatikisika kabatini. Baba alifanya kazi katika kiwanda huko Plymouth, mama alihudumia wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumapili sote tulipanda gari kwenda Burnsville kwenye ibada ya Kiswahili, ambako baba alikuwa mzee wa kanisa. Huko kila mtu alitujua, na sisi tulimjua kila mtu. Ugenini, kujulikana ni blanketi. Lakini blanketi hilohilo likikufunika uso huwezi kupumua.

Majira yale jumba lile lilikuwa likionyesha, kila Jumamosi alasiri, filamu kutoka Ulaya: Denmaki, Uholanzi, Italia, nchi ambazo mimi nilizijua kwa bendera tu. Zote zilihusu vijana wanaokua na kupenda, na nyingi zilihusu wavulana waliopenda wavulana wenzao, au wasichana waliopenda wasichana. Danieli aliligundua bango la filamu hizo kupitia dirisha la basi. Mama asingemruhusu azurure mjini peke yake, ila akimchukua mdogo wake kwenda maktaba, hilo lilikuwa jambo la heri. Basi tulikwenda kweli maktaba, tukarudisha vitabu, kisha tukavuka mitaa miwili upepo ukitukata masikio. Sikuelewa mengi. Nilipenda mvua za kule, jikoni zao finyu, watu wao ambao hawakuwa na haraka ya kusema. Danieli hakutazama kama mimi. Alikaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti, kama mtahiniwa anayesubiri jina lake lisomwe mbele ya wote.

Filamu ya Kiholanzi ndiyo iliyomvunja. Ilimhusu kijana aitwaye Wim, aliyejifunza kutengeneza baiskeli katika karakana pamoja na kijana mwenzake. Hawakufanya makubwa, walicheka, walipakana grisi usoni, walishikana mikono kando ya mfereji pasipo na mtu. Kisha Wim akarudi nyumbani akamweleza mama yake. Danieli alilia bila sauti, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola, na mimi nikashika mkono wa koti lake kwa sababu sikujua pengine pa kushika. Tulitoka nje macho yake yakiwa mekundu. Ukingoni mwa barabara ilisimama teksi, na dereva wake alikuwa Mzee Lameki, mhazini wa kanisa letu, aliyekuwa ameshusha abiria.

Alimtazama Danieli, akatazama bango lililokuwa nyuma yetu, wavulana wawili na baiskeli moja, kisha akamtazama tena Danieli.

"Shikamoo, Mzee," tulisema kwa pamoja.

"Marahaba. Ingieni, baridi hii itawaua."

Njia nzima nilisikia vipangusio vya kioo vikikwaruza barafu. Tulipofika Richfield alizima injini, akauliza bila kugeuka: "Baba yenu anajua mnakotoka?" Danieli akajibu kwamba tulitoka maktaba. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema Mzee Lameki, na hakuisema kwa ukali, jambo lililonitisha zaidi.

Simu ililia kabla hatujala. Baba aliipokea amesimama, akisema "ndiyo" na "nimekusikia" tu, huku mama akimenya ndizi na kisu chake kikienda polepole zaidi na zaidi. Baba alipoweka simu chini hakuketi. Alimwuliza Danieli ni filamu gani ile, na kwa nini ampeleke mtoto wa kike mahali kama pale. Danieli kwa kawaida alisemeshwa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kule. Siku ile alijibu Kiswahili, akiyachagua maneno kama mtu anayekanyaga barafu ya ziwa.

"Baba, nilikwenda kwa sababu nami niko hivyo. Niko kama yule kijana. Sijui kusema vizuri zaidi."

Ndege ilipita, vikombe vikalia kabatini. Kisha baba akasema, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba shule zikifungwa Danieli atarudi Bukoba kwa baba mkubwa, akakae shambani mpaka mambo ya Wazungu yamtoke kichwani. Sote tulimjua baba mkubwa na fimbo yake. Danieli aliingia chumbani. Nilibaki nikimtazama mama, nikimwomba kwa macho aseme chochote, naye akaendelea kumenya ndizi mpaka zikaisha. Wiki ile nyumba ilikuwa kama chumba cha mgonjwa. Baba alikula peke yake. Danieli hakula kabisa, au alikula nisikokuona. Niliacha kulala vizuri nikisikiliza kama mlango wa nje utafunguka, kwa kuwa niliogopa ataondoka katika theluji ile.

Ijumaa mama aliniuliza, kana kwamba anauliza habari za mkate: "Ile filamu bado ipo?" Nikasema ingerudiwa kesho yake kwa mara ya mwisho. "Basi tutakwenda." Baba aliyekuwa akisoma aliinua kichwa. "Mama Danieli, na wewe unakwenda kutazama uchafu?" Mama akamjibu huku akikunja nguo: "Nakwenda kutazama kilichomliza mwanangu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe ukitaka, njoo." Baba hakuja.

Mama alivaa gauni lake la kanisani na kilemba, juu yake koti la sufu. Alikaa katikati yetu, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Kiingereza cha kazini alikijua vizuri, lakini maandishi ya chini ya picha yalipita upesi mno, kwa hiyo akaniambia nimsomee kwa Kiswahili sikioni. Hapo ndipo nilipoogopa. Maneno niliyoyajua kwa vijana kama Wim yalikuwa matusi ya uwanja wa shule; sikuwa na hata moja la kumpa mama. Nikawa natafsiri habari za baiskeli, mvua na minyororo kukatika, huku nikihesabu moyoni jinsi tunavyoikaribia ile jikoni ambamo Wim angemweleza mama yake. Danieli alikuwa amefumba macho.

Wim akaingia, akasimama mbele ya mama yake aliyekuwa akimenya viazi, akasema. "Anasema anampenda," nilinong'ona. Kiswahili chetu kikanisitiri kwa dakika moja, maana hakibagui mwanamume na mwanamke katika neno hilo. Lakini mama akauliza, si kwa kunong'ona: "Anampenda nani?" Watu wa mbele waligeuka. Nikasema, "Yule mwenzake. Wa karakana." Mama hakunijibu. Kwenye picha yule mama wa Kiholanzi naye hakujibu. Aliendelea kumenya viazi mpaka mtoto wake akachukua kofia na kutoka kwenye mvua. Mlango ukajifunga. Jumba zima lilikuwa kimya, na katika kimya hicho mama yangu akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliye uani kwake: "We mwanamke, mtoto hajala! Mwite arudi!" Kisha mkono wake ukaondoka kwenye mkoba, ukamtafuta Danieli gizani, ukamshika shingoni, nao haukumwachia hadi taa zilipowashwa.

Nyumbani alimwambia baba kwa maneno machache kwamba Danieli haendi Bukoba, na kama atakwenda, naye mama atakwenda. Baba alitoka nje akachimbua theluji kwenye gari ambalo halikuwa na theluji tena. Hakumfukuza mtu, wala hakumkumbatia mtu. Alijiuzulu uzee wa kanisa bila kuombwa. Wageni walipungua nyumbani kwetu, na Jumapili mama aliendelea kukaa safu ya mbele, akiimba kwa sauti kuliko zamani. Mzee Lameki alikuwa akimsalimu Danieli kwa mkono mbele ya watu, na mpaka leo sijajua kama ilikuwa toba au adabu tu. Danieli alianza chuo majira yaliyofuata, akakaa bwenini, na kwa miaka mingi yeye na baba walizungumza kuhusu magari tu.

Binti yangu sasa ana umri niliokuwa nao siku zile. Filamu za namna ile anazitazama kwenye simu, ameegemea mto, akicheka pale nilipotetemeka. Kwake ni hadithi za mapenzi tu, nyingine nzuri na nyingine za kuchosha. Nafurahi kwa ajili yake. Hata hivyo najua ziko nyumba, kulekule Burnsville, ambamo jioni hii kijana amefunga mlango wa chumba na simu inalia sebuleni. Mama alifariki, na wapatanishi wakapungua. Mwaka jana Danieli alifanyiwa upasuaji, akilindwa usiku na mchana na Anders, mtu anayeishi naye kwa muda mrefu kuliko ndoa yangu, ambaye baba hajawahi kumtaja kwa jina. Asubuhi ya pili baba alinipigia simu. Aliuliza mgonjwa ameamkaje, nikamwambia anaendelea vizuri. Kisha nikamsikia akikohoa kidogo.

"Na huyo Anders," alisema, "amepata kulala?"